Saa Mia Mbili

 

Leo naanza na karatasi. Ni fomu ya kuomba uanachama katika vile vilabu vya zamani vya gofu vya Nairobi. Fomu inauliza jina, kazi, anwani, mambo ambayo hata benki huyauliza. Kisha inafika mahali ambapo benki haifiki: inataka mwanachama mmoja akupendekeze, mwingine akuunge mkono, na wote wawili waseme wamekujua kwa muda gani. Baada ya hapo jina lako linabandikwa ubaoni, wapitao walisome, na mwenye neno alipeleke kwa kamati. Pesa unazo, hilo halina ubishi. Ila pesa peke yake hazifungui mlango. Sharti uwe na marafiki kabla hujaingia mahali pa kupatia marafiki.

Kuna wanaosema huo ni ubaguzi uliovaa tai. Kwa miaka mingi ulikuwa ubaguzi hasa, na nitafika huko. Kwanza lipo jambo linalonisumbua. Katika mitaa iliyoota kando ya vilabu hivyo utawakuta wazee waliojuana miaka arobaini, hamsini, wanaojua dawa anazomeza kila mmoja wao na jina la mbwa aliyekufa zamani. Nenda mitaa mingine ya watu wenye uwezo uleule, nyumba za kiwango kilekile, utakuta lori la kuhamia limekuja, limepakia, limeondoka, na jirani wa ukuta wa pili anaambiwa na mlinzi wake baada ya mwezi. Kwa nini? Ni gofu? Ni ukwasi? Ni hewa?

Nimechagua mtaa mmoja tuuangalie kwa karibu. Karen.

Karen iko upande wa kusini-magharibi mwa Nairobi, ukielekea vilima vya Ngong. Msafiri wa leo anaijua kwa ule mzunguko wake wa magari, kwa maduka yake makubwa, na kwa nyumba ya makumbusho ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark. Mama huyo alifika mwaka 1914, akakaa miaka 17 akilima kahawa mahali ambapo kahawa haipataki: juu mno, na baridi mno. Shamba lilikuwa la ekari 6,000 hivi, kahawa yenyewe ikiwa kwenye ekari kama 600. Mwaka 1931 madeni yalizidi, ardhi ikauzwa kwa mfanyabiashara aitwaye Remy Martin, naye akaikata viwanja vya makazi. Mwaka 1937 klabu ya gofu ikafunguliwa juu ya ardhi iliyokuwa ya shamba lile, na mwaka huohuo kitabu cha Blixen kuhusu shamba kikatoka Ulaya. Yeye kule Denmark analililia shamba, huku watu wanapima umbali wa kufikia shimo la kwanza.

Basi historia ya mtaa kwa kawaida huanzia hapo, kwenye viwanja na klabu. Wakazi wa zamani, ukiwauliza, watakutajia familia zilizonunua miaka ya thelathini na arobaini. Lakini kabla ya viwanja palikuwa na watu. Palikuwa na familia za Wakikuyu zilizoishi ndani ya shamba, zikilima vipande vyao na kufuga, na kwa malipo ya ruhusa hiyo zikimfanyia kazi mwenye shamba siku kadhaa kwa mwaka. Sheria za kikoloni ziliwaita maskwota, hata yule aliyezaliwa pale pale na babu yake kuzikwa pale pale. Shamba lilipouzwa waliambiwa waondoke.

Blixen anaeleza katika kitabu chake walivyomjia. Walikaa chini kuizunguka nyumba, wakangoja. Walichokitaka kilikuwa kikubwa kuliko ardhi: walitaka wahamishwe wote pamoja, na mifugo yao, wapewe mahali pamoja, ili waliokuwa majirani wabaki majirani. Serikali ilikuwa tayari kuwatawanya, huyu huku, yule kule, popote penye nafasi. Mama huyo alizunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka ikakubaliwa wapewe sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Wakaenda pamoja. Hilo ndilo ombi la kwanza la ujirani ninalolijua katika historia ya Karen, na liliombwa na watu ambao majina yao hayamo kwenye ubao wowote wa klabu.

Tuwaache Dagoretti kwa sasa, turudi kwenye viwanja.

Viwanja vya mwanzo vya Karen vilikuwa vikubwa, ekari nyingi kwa nyumba moja. Mpaka kati ya kiwanja na kiwanja ulikuwa ua wa kayaba. Asiyeijua kayaba nimweleze: ni mti wa miiba mirefu, migumu, unaotoa vitunda vya manjano vichachu vinavyokunjisha uso. Ukikatwa vizuri unafungamana hata kuku hapiti. Kutoka geti la nyumba mpaka mlangoni kulikuwa na barabara ya vumbi ndefu kiasi cha mtu kusahau alichokuja kuazima. Kwa ramani hiyo, jirani ni neno tu. Humwoni akianika nguo, humsikii akigombana na mumewe, harufu ya vitunguu vyake haikufikii.

Mwaka 1950 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha utafiti wao kuhusu nyumba za wanafunzi wenye ndoa pale chuo cha MIT. Waliwauliza wakazi marafiki zao ni akina nani. Wakagundua kuwa urafiki ulifuata milango. Aliyekaa mlango wa pili alitajwa mara nyingi kuliko wa mlango wa nne, ingawa hatua zenyewe ni chache mno. Na aliyekaa karibu na ngazi alipata marafiki hata wa ghorofa ya juu, kwa sababu kila anayepanda na kushuka alipita mlangoni kwake. Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kutuambia kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini inapendeza kuona wasomi wakikokotoa.

Sasa chukua utafiti huo uupeleke Karen, penye milango iliyoachana mwendo wa dakika kumi. Ngazi iko wapi? Ngazi ni klabu. Pale ndipo kila mtu alipopita. Watoto walijifunza kuogelea pale, harusi ziliandaliwa pale, habari za nani kafiwa na nani kauza farasi zilisikika pale. Ubaya wa barabara uliwakusanya wakazi kwenye chama chao, Chama cha Wilaya ya Karen na Langata, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1940, na hata leo kinapigana mahakamani na maofisini kuhusu ujenzi wa maghorofa, maji na mipaka ya viwanja. Ukisikia watu wawili wa makamo wa Karen wakisema walikutana zamani, uliza vizuri: mara nyingi walikutana kwa sababu ya kisima, au mfereji, au lori lililokwama kwenye tope la masika.

Halafu kuna gofu yenyewe. Mimi sichezi, nasema mapema ili wachezaji wasije wakanisahihisha kwa simu. Ila nimeitazama kwa muda mrefu, na nimefikia uamuzi kwamba mpira ule mdogo mweupe ni kisingizio. Jambo lenyewe ni mwendo. Raundi moja ya mashimo 18, kwa miguu, inachukua saa nne hivi, na katika saa nne hizo muda wa kuupiga mpira ni dakika chache tu. Kwingine kote watu wanne wanatembea, wanangoja, wanatafuta mpira kwenye majani, wanazungumza, wananyamaza.

Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa utafiti uliojaribu kuhesabu urafiki unakula saa ngapi. Makadirio yake: saa kama 50 za kuwa pamoja kumtoa mtu kwenye kujuana mpaka urafiki wa juujuu, kama 90 kufikia urafiki wenyewe, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa ndani, ule wa kumwambia mtu siri ya nyumbani kwako. Fanya hesabu. Saa nne kila Jumamosi, wiki hamsini za mwaka, unapata 200. Kwa kipimo cha Hall, mtu anayecheza na wenzake walewale kila wiki anakifikia kizingiti cha urafiki wa ndani kwa mwaka mmoja, bila hata kukusudia, huku akidhani anashughulikia mkono wake wa kulia.

Hiyo ndiyo siri ya wale wazee wa miaka arobaini. Hawakuwa na mioyo mizuri kuliko wengine. Walikuwa na Jumamosi.

Lakini Hall aliona jambo la pili, na hili watu hulipita haraka. Saa za kazi hazihesabiki sawa na saa za starehe. Watu wanaweza kukaa ofisi moja mwaka mzima wasisogee hata hatua moja kuelekea urafiki, kwa kuwa hawakuchagua kuwa pamoja.

Nawaomba sasa mtazame tena ule uwanja. Nilisema watu wanne wanatembea. Si kweli. Wanatembea wanane. Kila mchezaji ana kedi wake, mbeba mfuko, na kedi ametembea hatua zilezile, amengoja pale pale, amesikia kila neno. Ana saa zake 200 kwa mwaka kama mwenzake. Tofauti ni kwamba kwa mmoja ni starehe, kwa mwingine ni kazi. Saa zilezile, ardhi ileile, jua lilelile, na kila mmoja anaziandika kwenye daftari tofauti.

Niliwahi kufuatana na wachezaji kwenye klabu moja ya Nairobi, sitaitaja jina. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja, daktari mstaafu, na kedi wake aliyekuwa na mvi vilevile. Walifika mahali mzee akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Nipe sita," akasema, yaani fimbo namba sita. Kedi hakumpa. "Saba, mzee." "Nimesema sita." "Upepo uko mgongoni sasa, mzee. Saba." Mzee akabaki ameunyoosha mkono, kimya, kisha akaipokea saba, akapiga, mpira ukaenda ukatua palipotakiwa. Hakuna aliyesema kitu. Kedi akapangusa kichwa cha fimbo kwa kitambaa kilichokuwa begani, akairudisha mfukoni, wakaendelea.

Baadaye nilizungumza na kila mmoja peke yake. Kedi alijua goti la mzee linaloanza kuuma kwenye shimo la kumi na mbili, alijua mwezi ambao mke wa mzee aliugua, kwa sababu mwezi huo mzee alikosa hata mipira ya karibu. Mzee alijua watoto wa kedi wako kidato gani, maana karo ya mmoja aliilipa yeye. Nikamuuliza kila mmoja: huyu ni rafiki yako? Mzee alisema ndiyo, papo hapo. Kedi alitabasamu, akasema, "Ni mtu mzuri sana." Raundi ikaisha. Mzee akaingia kwenye jengo la klabu kwa chai, kedi akaenda kwenye banda la makedi nyuma ya jikoni.

Sisemi hivyo kumlaumu mzee. Kuna watu wameishi kando ya nyumba yangu miaka kumi ambao hawajui mtoto wangu yuko darasa la ngapi. Lakini lile tabasamu la kedi nimeshindwa kulisahau, kwa sababu nimelikuta pia kwenye historia.

Beryl Markham, mwanamke aliyeruka na ndege peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika ya Kaskazini mwaka 1936, alilelewa Njoro. Utotoni rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, mtoto wa jamii ya Kalenjin. Walicheza pamoja, walishindana kuruka, waliwinda pamoja. Wakakua. Kibii akapita jando, akawa arap Ruta. Akaja kumtafuta Beryl kwa ajili ya kazi, akamtunzia farasi zake, na Beryl alipohamia kwenye ndege akamfuata huko pia. Beryl mwenyewe ameandika kuhusu ile siku walipokutana wakiwa watu wazima, jinsi yule aliyekuwa akitembea naye bega kwa bega sasa angetembea nyuma yake. Urafiki ulibaki, sina shaka. Ulidumu miaka. Lakini ulibaki umesimama kwenye mteremko, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akipanda kila siku.

Huyohuyo Beryl, alipozeeka na pesa kumwishia, aliishi kwenye nyumba ndogo ya Jockey Club katika viwanja vya mbio za farasi vya Ngong, si mbali na Karen, akistiriwa na watu wa farasi aliowafahamu tangu zamani. Alifariki Nairobi mwaka 1986. Kwake klabu ilifanya kazi ambayo ukoo hufanya. Ndiyo maana nasita ninaposikia watu wakidharau vilabu kuwa mahali pa pombe na majigambo tu. Pombe ipo, majigambo yapo. Na hifadhi ipo, kwa aliyemo ndani.

Na walio nje? Kabla ya Uhuru wa 1963 vilabu vya Wazungu vilikuwa vya Wazungu. Klabu ya Muthaiga, iliyofunguliwa usiku wa kuamkia mwaka 1914, haikumwona Mwafrika ndani ila akiwa amebeba sinia. Wahindi wakajijengea jimkhana zao, yaani vilabu vya michezo, Wagoa zao, Waislamu zao. Kila jamii na ua wake wa kayaba. Mwaka 1978 aliyeshinda mashindano ya gofu ya Kenya Open pale Muthaiga, kwenye klabu ya gofu, alikuwa Severiano Ballesteros, kijana wa kijiji cha Pedreña huko Hispania ambaye alianza kwa kubebea watu mifuko. Alipigiwa makofi na watu ambao makedi wao wenyewe walikuwa wamesimama nyuma ya kamba. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza hivyohivyo, wakijifunza kwa macho, na kwa fimbo kuukuu aliyoachiwa mtu.

Baada ya Uhuru milango ilifunguka polepole. Mawakili, madaktari, makatibu wa wizara, wafanyabiashara, Waafrika na Wahindi, walianza kupendekezwa na kuungwa mkono. Wengine walinyanyaswa kwa ukimya: wanaingia baa, mazungumzo yanakatika. Walivumilia, wakacheza Jumamosi zao, saa zikafika 200, zikafika elfu mbili. Leo hao ndio wazee wa klabu. Na kinachonichekesha ni kuwasikia wakilalamika kuhusu wageni.

Maana Karen imekua. Nairobi yote imekua: sensa ya 1969 ilihesabu watu nusu milioni na kidogo, sensa ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Wangekwenda wapi? Vile viwanja vya ekari nyingi vimekatwa, vikakatwa tena, na siku hizi nusu ekari ni kiwanja cha kawaida. Panapokatwa, kayaba inang'olewa, ukuta wa mawe unajengwa, juu yake nyaya za umeme. Barabara mpya imeivuta Karen karibu na mji, na mji ukaja nayo. Mashindano ya Kenya Open yalipopandishwa daraja na kuingia ziara kuu ya Ulaya mwaka 2019, yalichezwa hapohapo Karen, na watu ambao hawajawahi kushika fimbo wakaanza kuulizia ada za kujiunga.

Wazee wanasema wageni hawasalimii. Wanasema wananunua nyumba kama hisa, waiuze baada ya miaka mitatu. Wanasema wanapiga kelele kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kuhusu jenereta na mbwa, lakini ukikutana nao getini wanapandisha kioo. Sehemu ya hayo ni kweli. Sehemu nyingine ni uzee.

Mimi naona lawama imeelekezwa kusiko. Idadi ya watu haijaua urafiki mahali popote; ipo mitaa yenye watu waliosongamana na bado mtu anaazima chumvi. Kilichobadilika Karen ni saa. Zamani mwanachama alicheza na walewale wanne, siku ileile, kwa sababu wanachama walikuwa wachache na nafasi zilikuwa tele. Sasa nafasi ya kuanza mchezo inawekwa kwa simu, unapangwa na uliowakuta, wiki ijayo unapangwa na wengine. Halafu vimeingia vigari vya betri. Kigari kinabeba wawili. Wale wanne wamekuwa wawili wawili, kila jozi inakimbilia mpira wake, na kedi anafuata nyuma mbiombio au ananing'inia kwenye kibao. Raundi inaisha mapema, watu wanaangalia saa, wanaondoka kuwahi foleni. Mtu anaweza kuwa mwanachama miaka mitano bila kufikisha saa 50 na mtu yeyote. Anakuwa na wenzake mia tatu wa kupungiana mkono.

Na upande wa nyumba ni vivyohivyo. Utafiti wa milango ungetabiri kwamba kukata viwanja kungewasogeza watu, na kwa mita kumewasogeza kweli. Ila mlango ukiwa nyuma ya ukuta, ukuta nyuma ya geti, geti lina bawabu, huo si mlango tena kwa maana ya Festinger. Hakuna ngazi. Wanaopita ngazini ni wafanyakazi: yaya, mtunza bustani, mlinzi, mpishi. Hao wanajuana. Jioni utawakuta wamekaa kwenye majani kando ya barabara, wa geti hili na wa geti lile, wanacheza drafti kwa vifuniko vya chupa, wanachangiana msiba, wana chama chao cha kuzungusha fedha. Ukitaka kujua nani kalazwa kwenye nyumba ya ukuta mweupe, usimuulize jirani wa ukuta mweusi. Muulize mlinzi wake.

Ndiyo maana nasema tunapozungumza kuhusu wakazi wa muda mrefu wa mitaa ya namna hii, tunahesabu vibaya. Tunahesabu hati miliki. Wapo makedi na wahudumu walioingia vilabuni wakiwa vijana na wameona wenyeviti kumi wakipita. Nyumba zimeuzwa, wenye nyumba wamehamia kwa watoto wao Ughaibuni, wao wapo. Baadhi yao, nani ajuaye, ni wajukuu wa wale walioondoka kwenda Dagoretti, ambako ni jirani tu.

Nisiwasahau wazee wenyewe, maana mapenzi yao kwa mtaa ni ya kweli. Nawajua wanne wanaokula chakula cha mchana pamoja kila Alhamisi. Wote wamepita sabini. Watatu watoto wao wako ng'ambo. Mmoja wao macho bado yanamruhusu kuendesha gari jua likishazama, basi yeye ndiye dereva wa wenzake: msibani, hospitalini, kwenye harusi za wajukuu wa watu. Gofu wameacha, magoti yamekataa. Walipokuwa wakicheza waliweka akiba ya saa, na sasa wanaitumia. Daktari gani atakuandikia dawa hiyo ukiwa na miaka 75 na hujawahi kuiwekea akiba?

Machi 2020 korona ilipoingia Kenya, viwanja vya gofu vilifungwa. Hapo yale madaftari mawili ya saa yakafunguliwa hadharani. Mwanachama alipoteza burudani. Kedi alipoteza chakula, kwa sababu kedi analipwa kwa raundi. Hakuna raundi, hakuna unga. Vilabu kadhaa vilichangisha fedha na vyakula kwa ajili ya makedi wao, na wako wanachama waliotuma pesa kwa simu kila wiki, kimyakimya, kwa mtu mmoja mmoja. Wengine waligundua hawana namba ya simu ya mtu aliyewabebea mfuko miaka kumi na tano. Wengine waligundua jina wanalomwita si jina lake. Ni jina la utani alilopewa na mchezaji aliyekwisha kufa.

Nami siamini kwamba kedi na mchezaji hawawezi kuwa marafiki. Wale wazee wawili wa fimbo namba saba ni marafiki, kwa kipimo changu. Mtu asiyekuwa rafiki yako hakatai kukupa unachokidai. Lakini urafiki wa mteremko unataka anayekaa juu afanye kazi zaidi, na kazi yenyewe ni ya kawaida tu, wala haihitaji hotuba.

Kwa hiyo nina maombi mawili, moja kwa wageni na moja kwa wenyeji. Wewe uliyehamia mtaa kama huu juzi, acha kigari, tembea. Na ukipata wenzako watatu mnaoelewana, shikaneni na siku moja ya wiki, msiibadilishe kwa sababu ya mkutano. Na wewe mwenyeji, mwenye jina ubaoni, mkutano mkuu wa mwaka wa klabu yako ukifika, baada ya taarifa ya fedha na ubishi kuhusu bei ya bia, nyanyua mkono uulize jambo moja: kedi akiugua, au mvua ikinyesha wiki nzima asipate raundi, klabu inampa nini? Uliza hivyo, ukae, na usikubali jibu la kwamba litaangaliwa. Litake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.